Nimeisubiri Albamu Hii kwa Miaka Sita, na Siipendi

Mshauri mpendwa,

Naandika nikiwa na haya kidogo, kwa kuwa najua safu hii hupokea barua za watu waliofiwa, walioachwa na waliodhulumiwa mali zao, na mimi nimekuja na malalamiko kuhusu albamu. Hata hivyo jambo hili limeninyima raha kwa wiki tatu sasa, limenikosanisha na rafiki wa miaka mingi, na sina mtu mwingine wa kumweleza ambaye hataanza kucheka kabla sijamaliza sentensi ya pili.

Nilianza kuisikiliza bendi hii nikiwa na umri wa miaka 15, kupitia kanda iliyonakiliwa ambayo kaka yangu aliileta nyumbani ikiwa haina hata jina juu yake. Leo nina miaka 37. Katika miaka hiyo 22 nimenunua kila albamu waliyoitoa, zote sita, nyingine mara mbili, kwanza kwa kanda na baadaye kwa CD. Nimehudhuria maonyesho yao manne. Na nimejifunza gitaa, vibaya, kwa sababu tu nilitaka kujua vidole vya mcharaza gitaa wao vinapita wapi katika utangulizi wa wimbo mmoja. Wala mimi si mtu anayetaka kulishwa kitu kilekile kila siku. Hata albamu yao ya tatu, ambayo leo naiweka juu ya nyingine zote, ilinichukua likizo nzima kuizoea, lakini niliizoea.

Baada ya albamu ya sita walinyamaza kwa miaka sita. Katikati ya ukimya huo mpiga drams wao wa tangu mwanzo aliondoka, na tukaambiwa kwamba wameachana kwa maelewano. Mwaka huu wakatangaza albamu ya saba pamoja na mtayarishaji mpya, na mimi nikahesabu siku kama mtoto anayesubiri sikukuu. Usiku ilipotoka nilizima simu, nikavaa hedifoni, nikaketi. Ilipofika wimbo wa tatu nilijikuta natazama saa.

Nitajitahidi kusema kwa haki. Nafasi ya mpiga drams haikujazwa na mtu bali na mashine, na mashine hiyo inapiga pigo lilelile kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake. Sauti ya mwimbaji imenyooshwa kwa kompyuta hadi ukapotea ule mkwaruzo uliotufanya tumpende. Gitaa limezikwa chini kabisa. Nyimbo ni 11 lakini zote pamoja hazizidi dakika 31, na karibu kila mmoja unaingia kwenye kiitikio kabla msikilizaji hajakaa vizuri. Tatu kati yake zina waimbaji waalikwa ambao, nadhani, waliimba sehemu zao bila kukutana na bendi. Isipokuwa wimbo wa tisa, ambao ni gitaa na sauti tu, sikuona mahali ambapo watu hawa ninaowajua walikuwa chumba kimoja. Na jambo la ajabu ni kwamba baada ya nyimbo nne au tano masikio yangu huchoka, ijapokuwa sipandishi sauti kuliko kawaida. Nimeisikiliza albamu nzima zaidi ya mara 20, nikijilazimisha, kwa imani kwamba mlango utafunguka. Haujafunguka.

Rafiki yangu, ambaye tulijuana miaka 14 iliyopita tukiwa kwenye foleni ya kuingia kwenye onyesho la bendi hii hii, anasema ndiyo albamu yao bora kuliko zote. Nilimjibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Akaniambia: “Wewe hutaki muziki, unataka ujana wako urudi.” Tangu siku hiyo hatujazungumza. Maneno yake yaliniuma kwa sababu sina hakika kama ni ya uongo. Wakati huohuo tuna tiketi za onyesho lao litakalofanyika baada ya wiki saba. Nilizinunua mimi, zote mbili ziko kwenye droo yangu. Pia nimeiandikia bendi barua ya kurasa nne, ambayo neno “mmetusaliti” linatokea humo mara tano (nimehesabu), na sijaituma.

Naomba unisaidie kwa haya: je, tatizo ni lao au ni langu? Niendelee kuisikiliza albamu hii au niiache? Niitume barua? Na niende kwenye onyesho hilo, au nimpe mtu mwingine nafasi yangu?

Wako,
Shabiki wa Miaka 22

* * *

Ndugu yangu Shabiki,

Ondoa haya. Mtu aliyeishi na sauti fulani tangu umri wa miaka 15 ana haki ya kuhuzunika ikibadilika, na barua yako ina uangalifu ambao sikuuona katika barua kadhaa za talaka nilizozisoma mwezi huu. Umeuliza kama tatizo ni lao au ni lako, na umeuliza kana kwamba jibu lazima liwe moja. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona kwamba umefunga katika furushi moja mambo ya namna mbili ambayo hayafanani hata kidogo: yale ambayo masikio yako yameyasikia kweli, na yale ambayo moyo wako ulikuwa umejiahidi. Rafiki yako amelitazama furushi kwa nje akasema lote ni ujana wako. Amekosea. Lakini na wewe umekosea unaposema kwamba lote ni la bendi.

Nianze na sentensi ambayo uliiandika kama jambo la ajabu tu kisha ukaipita, ile ya masikio kuchoka ijapokuwa hupandishi sauti. Hiyo haihusiani na ujana. Katika studio kuna kazi inayoitwa kubana sauti, ambayo ni kupunguza umbali kati ya sehemu ya wimbo iliyo ya chini kabisa na ile iliyo ya juu kabisa: vilele hukatwa, mabonde hujazwa, na mkanda mzima ukishasawazishwa hivyo huweza kuinuliwa hadi ukingoni. Kwa kiasi, kazi hiyo ni ya lazima na kila rekodi uipendayo imepitia. Lakini tangu miaka ya 1990, CD ilipokuwa imeenea, watayarishaji na kampuni walianza kushindana nani wimbo wake utasikika kwa kishindo zaidi ukipigwa baada ya wa mwenzake, na matokeo yake ni muziki usiopumua. Sikio linahitaji kushuka ili lihisi kupanda. Likinyimwa, linachoka, na mwenye sikio husema tu kwamba wimbo haumgusi, bila kujua ni kwa nini.

Mashabiki walilitambua jambo hili mapema kuliko watu wengi wa kampuni. Mwaka 2008, Metallica walipotoa albamu mpya, wasikilizaji waligundua kwamba nyimbo hizohizo zilizowekwa katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilisikika safi zaidi kuliko zilivyo kwenye CD, kwa kuwa toleo la mchezo halikuwa limebanwa kwa kiwango kile. Maelfu walitia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Hawa hawakuwa wazee wanaolilia enzi zao. Walikuwa na matoleo mawili ya wimbo mmoja, wakayalinganisha, wakasikia tofauti.

Nawe unaweza kulinganisha. Chukua wimbo mmoja kutoka albamu ya tatu na mmoja kutoka albamu hii mpya, kisha shusha sauti ya huu mpya hadi yote miwili isikike kwa ukubwa uleule. Huduma nyingi za kusikiliza muziki kwa intaneti zina mpangilio unaosawazisha jambo hilo zenyewe, uwashe. Tumia albamu ya zamani katika toleo lake la kwanza, ile CD yako, kwa kuwa matoleo yanayotangazwa kuwa yamesafishwa upya mara nyingi nayo yamebanwa. Ukishasawazisha, sikiliza kama mdundo wa wimbo mpya una uzito au umekuwa ubapa. Ukikuta ni ubapa, basi una malalamiko halali dhidi ya namna albamu ilivyotengenezwa, na utakuwa umeyatenganisha na nyimbo zenyewe. Huenda chini ya ubapa huo kuna nyimbo nzuri. Huenda hakuna. Ila hutajua mpaka uzitofautishe.

Kuhusu nyimbo kuwa fupi na viitikio kuwahi, hapo pia hukuota. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na mtu yeyote anayelipwa kwa hesabu hiyo ana sababu ya kutokukuacha ukae mlangoni kwa dakika nzima ukisubiri mwimbaji. Hata hivyo usiuone ufupi wenyewe kuwa ni uchafu wa zama hizi. Sahani ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika, ile ya inchi 10, ilibeba takriban dakika tatu kila upande, na watu walitunga ndani ya dakika hizo tatu mambo ambayo bado yanatuliza. Chombo kimekuwa fundi cherehani wa muziki tangu muziki ulipoanza kurekodiwa. Swali ni kama nguo imekaa vizuri mwilini, na kwa maelezo yako mimi naona haijakaa: bendi iliyozoea kujenga utangulizi imeambiwa iwahi, ikawahi bila kujua inakokwenda.

Kuhusu sauti iliyonyooshwa sitakaa sana. Auto-Tune imekuwapo sokoni tangu mwaka 1997, na haitanishangaza kama baadhi ya zile albamu sita nazo ziliguswa na programu kama hiyo kwa mkono mwepesi. Kinachokukera ni mkono mzito, na hapo tuko pamoja.

Sasa nije upande wako. Umeniambia, bila kukusudia kunipa silaha, kwamba albamu ya tatu ilikuchukua likizo nzima kuizoea. Likizo ya mwanafunzi ni wiki kadhaa za mchana mtupu, hakuna kazi, hakuna watoto, hakuna anayekudai, na kanda moja inayogeuzwa upande huu na upande ule mpaka inakwisha sauti. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi, na watafiti wa kumbukumbu wamekuta kwamba mambo tuliyoyapata kati ya umri wa miaka kumi hivi na thelathini hubaki akilini kwa nguvu kuliko ya miaka iliyofuata. Ukiweka mawili hayo pamoja, utaona kwamba albamu hii yenye wiki tatu imepandishwa ulingoni kupigana na albamu yenye miaka 20 ambayo, juu ya hayo, imebeba sauti ya kaka yako, harufu ya chumba mlichokuwa mnalala, na ile nafsi yako ya miaka 15 iliyokuwa inasikia kila kitu kwa mara ya kwanza. Hakuna bendi inayoweza kushinda pambano hilo, hata ingeleta kazi bora kuliko zote ilizowahi kufanya. Hiyo ndiyo sehemu ya kweli katika maneno ya rafiki yako, nami siwezi kukuficha.

Utauliza mbona basi umeisikiliza mara 20 na zaidi na hukuizoea. Kwa maelezo yako mwenyewe, hukuwa unasikiliza, ulikuwa unahoji. Mtu anayeketi na hedifoni akingoja kila wimbo ukiri kosa lake hupata ungamo kila mara. Ulipokuwa kijana hukujilazimisha kuizoea ile ya tatu. Ilikuwa inalia tu huku wewe unafanya mambo mengine, mpaka siku moja ukajikuta unaimba. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba uiache, si kwa hasira bali kabisa, kwa miezi miwili au mitatu, na usiiguse isipokuwa kwa lile jaribio la kulinganisha nililokueleza na kwa jambo moja nitakalolitaja baadaye. Ukiirudia, iweke iimbe wakati unafua au unapanga vitabu. Ikishindwa tena, imeshindwa, na hakuna deni.

Nasema hakuna deni kwa sababu nahisi mtu atakuja kukufariji kwa hadithi za albamu zilizozomewa zikaja kuheshimiwa. Hadithi hizo ni za kweli. Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi mmoja wa Manchester, Bob Dylan alikuwa akipiga na bendi ya magitaa ya umeme mbele ya watu waliompenda akiwa na gitaa lake kavu, na mtu mmoja kati ya wasikilizaji akampigia kelele: “Yuda!” Leo muziki ule unahesabiwa miongoni mwa kilele cha kazi yake. Albamu ya pili ya Weezer, ya mwaka 1996, iliwekwa na wasomaji wa jarida la Rolling Stone miongoni mwa albamu mbaya kuliko zote za mwaka huo. Mwaka 2010 bendi hiyo ilizunguka ikiipiga yote jukwaani, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu watu walikuwa wameipenda hadi kuidai. Lakini tazama jinsi hadithi hizi zinavyochaguliwa. Tunazisimulia kwa kuwa ziligeuka. Albamu zilizopokewa vibaya kwa sababu zilikuwa mbaya hazina msimulizi.

Na iliyo karibu zaidi na yako ni ya aina hiyo ya pili. The Clash walimwondoa mpiga drams wao mwaka 1982, wakamfukuza mmoja wa waandishi wao wawili wakuu wa nyimbo mwaka 1983, na albamu yao ya mwisho, iliyotoka mwaka 1985, ikajengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mashine za ngoma, huku mpiga drams waliyemwajiri akiwa karibu hana kazi studioni. Bendi ilivunjika muda mfupi baadaye, na makusanyo kadhaa ya nyimbo zao yaliyotolewa miaka iliyofuata yaliiruka albamu hiyo kana kwamba haikuwahi kurekodiwa. Sisemi kwamba bendi yako iko njia hiyo. Nasema kwamba mpiga drams si saa ya ukutani. Ndiye anayeamua kiitikio kiingie nyuma ya pigo kidogo au mbele yake kidogo, ndiye anayemsikia mcharaza besi akisita akamsubiri, na akiondoka mtu aliyepiga na wenzake tangu mwanzo, kinachoondoka ni namna watu wote waliobaki walivyozoea kusikilizana. Uliposema huoni mahali walipokuwa chumba kimoja, nadhani ulisema jambo sahihi kuliko yote katika barua yako, na ningependa ndilo liwe moyo wa malalamiko yako badala ya ile habari ya usaliti.

Maana neno hilo, ndugu yangu, halina pa kusimama. Mwaka 1983 kampuni ya Geffen ilimshtaki Neil Young ikidai dola milioni 3.3, kwa hoja kwamba albamu alizoipa hazikufanana na kazi yake ya kawaida. Kwa maneno mengine, alishtakiwa kwa kutokuwa Neil Young. Hawa walikuwa na mkataba mkononi, wanasheria, na fedha walizokwisha kumlipa. Shauri likaisha kwa mapatano, na David Geffen mwenyewe akamwomba radhi mwanamuziki huyo. Kama mwenye mkataba hakufika mbali, mimi na wewe tulionunua kanda na CD tutafika wapi? Bendi ilikuuzia albamu sita, ukazipata zote sita, na hakuna iliyochukuliwa kutoka kwenye rafu yako mwaka huu. Ya saba ulikuwa unaitumaini. Tumaini likianguka linauma sana, ila haliitwi usaliti.

Barua ya kurasa nne usiitume. Iandike upya katika ukurasa mmoja, useme kwamba umewasikiliza kwa miaka 22, kwamba unamkosa mpiga drams, kwamba rekodi imebanwa hadi inachosha, na kwamba wimbo wa tisa ni mzuri. Ndiyo, wimbo wa tisa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: uliutaja kwa nusu ya sentensi, ukaupita mbio kana kwamba unaogopa utaharibu kesi yako. Wimbo wa gitaa na sauti tu, katika albamu ambayo umeishutumu kwa kuzika gitaa na kunyoosha sauti! Bendi iliyosahau kabisa ilikuwa nani isingeuweka wimbo huo humo, na mtayarishaji anayependa kishindo asingeubakiza kama hapakuwa na mtu aliyeupigania mezani. Ukituma ukurasa wenye mambo hayo manne, upo uwezekano kwamba utasomwa. Kurasa nne za “mmetusaliti” husomwa na msaidizi hadi mstari wa sita.

Nimelibakiza la rafiki yako kwa kuwa ndilo zito, ingawa katika barua yako limepewa aya moja tu. Alikuumiza, na alikuumiza kwa kuchukua kipande cha kweli akakirusha kama jiwe. Lakini wewe ndiye uliyetangulia. Methali uliyomtupia haikuhusu albamu, ilimhusu yeye, kwamba ni mtu wa kudanganywa na upya wa vitu. Na mtu uliyejuana naye kwenye foleni, mkisubiri mlango wa bendi hiyohiyo ufunguliwe, ulimwambia kwamba hajui kusikiliza. Alikujibu kwa kipimo ulichompimia. Kumbuka pia kwamba yeye naye alisubiri miaka sita. Alifika usiku uleule akiwa na hamu ileile, akaipata furaha yake, na mtu wa kwanza aliyetaka kumshirikisha akamwonyesha kidonda.

Lile jambo moja nililosema nitalitaja ni hili. Ukishazungumza naye na mkasalimiana kama watu, mwombe akuchagulie wimbo mmoja wa albamu hii, mmoja tu, anaoupenda kuliko yote, mkae pamoja muusikilize hadi mwisho bila wewe kusema neno. Kisha akueleze anasikia nini humo. Usimjibu siku hiyo. Inawezekana atachagua wimbo wa tisa, na mtacheka. Inawezekana atachagua mmoja wa ile mitatu ya waimbaji waalikwa, na utalazimika kunywa dawa yako kimya kimya. Hata hivyo utasikia wimbo huo kupitia masikio ya mtu ambaye kwa miaka 14 umeyaamini, na kati ya njia zote za kuisikiliza albamu hii, hiyo ndiyo pekee ambayo hukuijaribu katika zile mara 20.

Kuhusu onyesho, nenda. Sababu yangu ya kwanza ni ya kifundi: kubanwa kule kwa studio hakufuatani na bendi jukwaani kwa namna ileile, waimbaji waalikwa mara nyingi hawapo, wimbo wa dakika mbili na nusu huweza kurefushwa, na ni bendi chache za magitaa zinazothubutu kusimama usiku mzima mbele ya mashine bila kumwajiri mpiga drams. Nyimbo zilizokufa kwenye hedifoni zimewahi kufufuka ukumbini. Sababu yangu ya pili ni kwamba utajua kwa macho yako kama watu hawa bado wanasikilizana, na swali hilo ndilo linalokunyima raha, si urefu wa viitikio. Lakini uende ukijua kwamba watapiga nyimbo mpya, pengine tano, pengine saba, na uamue kabla ya kutoka nyumbani kwamba hutasimama umekunja mikono wakati huo ukingoja za zamani. Kama huwezi kujizuia, mpe mtu mwingine nafasi yako. Rafiki yako hastahili kutazama onyesho lake akiwa kando ya hakimu.

Na tiketi yake usiifanye chambo cha kumleta kwako. Mpelekee mkononi kabla ya wiki hii kwisha, hata kama siku hiyo hamtataja habari ya albamu, na hata kama atakupokelea mlangoni.

Mshauri wako